Tumbo la Nyar Awasi

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikaishuku papo hapo. Mtu aliyestaafu anataka kujua saa ngapi, aende wapi? Kisha mmoja wenu akasema, "Mama Lab, andika kitu, usituache hivi hivi." Hilo nalo nikalishuku, kwa sababu kijana anayetaka ushauri huuliza kazini, hangoji mtu aende nyumbani. Lakini nimekaa hapa mtaani Kondele na mchana ni mrefu, basi naandika. Vyeo na mshahara nitaviruka. Hakuna aliyewahi kusoma choo kwenye hadubini vizuri zaidi kwa sababu amepandishwa daraja. Nitawaandikia habari za tumbo moja.

Nilikuja Kisumu kutoka Maragoli mwanzoni mwa miaka ya themanini, na koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi mpaka likawa gumu. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi za wanaume. Mkuu wake, Mzee Obonyo, alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno. Hakunisalimu. Alinipa kiberiti. Wagonjwa siku hizo walileta choo kwa chochote walichopata: kopo la jemu, jani la mgomba, na mara nyingi kiberiti kitupu.

"Soma," akasema.

Nikachota kidogo kwa kijiti. Upande mmoja wa kioo nikachanganya na tone la maji ya chumvi, upande wa pili na tone la ayodini, nikainama kwenye hadubini. Nilitafuta amiba mpaka shingo ikauma. Upande wa chumvi hakuna kilichotembea. Upande wa ayodini vipande vyote vikageuka rangi ya wino.

"Mzee," nikasema, "hii ni viazi."

"Viazi?"

"Vimepondwa. Labda na chai kidogo."

Akakichukua kiberiti chake, akakitupa kwenye ndoo. "Mwenye aliketi kwa hicho kiti kabla yako aliona amiba humo ndani. Tena mingi." Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu, na sikupata mwingine.

Mzee Obonyo alinifundisha kushuku. Aliishuku chupa iliyofika imejaa sana, na iliyofika ina kidogo sana. Alimshuku mgonjwa aliyerudi na choo haraka mno, maana huenda amekopa kwa jirani, na kweli siku moja tulipata mzee mmoja aliyeleta choo cha mjukuu wake kwa kuona aibu ya chake. Kifaa alichokipenda kuliko watu wengi kilikuwa ile hadubini ya zamani yenye kioo kidogo chini yake cha kunasa mwanga. Stima ikipotea, na ilipotea sana, tuliisogeza dirishani tukafanya kazi kwa jua. Na alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba alichokifua mwenyewe. Kila mtu alipoinua uso kutoka kwenye hadubini, hata akiwa daktari mkuu, Mzee alipitisha kitambaa hicho pale jicho lilipokuwa kabla ya mwingine kuinama.

"Choo najua imetoka wapi," alikuwa akisema. "Jicho ya mtu sijui imetoka wapi."

Mji mzima wakati huo ulikuwa na amiba. Ukiumwa tumbo ungeenda kwa kimaabara fulani cha mtaani, ungepewa karatasi yenye amiba, na jirani yake kulikuwa na duka la dawa linalokungoja. Tulipochunguza sisi, choo kile kile, kikiwa bado na joto, mara nyingi hatukuona kitu. Mara nyingine kilichoitwa amiba kilikuwa chembe nyeupe za damu, ambazo mtu mwenye haraka anaweza kuzikosea. Hilo lilitufanya tuchukiwe. Mtu aliyesafiri tangu alfajiri akiwa ameshika tumbo hataki kusikia kwamba hakuna kilichoonekana. Anakukodolea macho kama umemwibia.

Miongoni mwao kulikuwa na kundi ambalo hata sisi hatukulielewa. Tumbo lao lilijaa hewa, likanyonga, wiki hii wanaharisha na wiki ijayo hawapati choo kabisa. Wakienda msalani maumivu yanapungua, kisha yanarudi. Hawakondi, hawatoi damu, hawana homa. Tuliwachunguza, hakuna minyoo. Tukaotesha choo kwenye sahani zetu za vijidudu, hakuna kipindupindu, hakuna kuhara damu. Wauguzi waliwaita wateja wa kudumu. Baadhi yetu tulidhani wanajifanya, wamechoka na shamba au na mume. Mzee Obonyo alikataa. "Mtu anajifanya kichwa inauma," alisema. "Tumbo hapana. Haina heshima."

Miaka ya tisini ilipoanza tukaletewa Daktari Nekesa, mwanamke kijana kutoka upande wa Bungoma. Nilimshuku kwa sababu aliingia maabara mwenyewe badala ya kututumia karatasi, na daktari anayekuja maabara kwa kawaida anatafuta wa kulaumiwa. Yeye alitaka kuona sahani za kuoteshea. Choo cha mtu mwenye afya kikiwekwa kwenye sahani zile, kesho yake unakuta bakteria wa kawaida wameota wakazijaza, wekundu wa waridi, na harufu yao mnaijua. Hao tulikuwa tukiwatupa bila kuwaangalia. Tulitafuta wabaya tu.

"Hawa wa kawaida," akauliza, "kwa wale wateja wenu wa kudumu wako aje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukaanza kuangalia. Sahani nyingi zilikuwa kama za mtu yeyote. Nyingine zilikuwa karibu tupu, au zimeota utando mweupe wa hamira mahali palipopaswa kuwa pa waridi. Tulipowauliza wenye sahani hizo, yeye akiuliza kwa upole na mimi kwa ukali, hadithi ikawa inafanana. Kwanza mtu alipata kuhara kukali kweli, kule kunakokuja na mvua. Akapona. Tumbo halikurudi kama zamani, akanunua vidonge vya amiba, halafu antibiotiki zile za rangi mbili, halafu akarudia vya amiba.

"Utumbo ni kama ploti ya Kondele," Daktari Nekesa aliniambia. "Imejaa wapangaji, na wengi hawana shida na mtu. Sasa wewe kila mwezi unaita askari wafukuze wote. Hiyo nyumba itatulia?"

"Kwa hiyo ndio ugonjwa wenyewe? Wapangaji wamefukuzwa?"

"Sijui," akasema. "Nashuku. Kuna wenye walipata bila kumeza dawa yoyote. Na hofu pia inafanya tumbo hivyo. Sina ushahidi, Mama Lab."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Daktari anayesema sijui hana cha kuniuzia.

Nyar Awasi alikuja kwetu mwaka ambao gugumaji lilikuwa limefunga ziwa, maboti yakishindwa kutoka. Jina lake la kanisani lilikuwa Dorsila, lakini huku mke huitwa nyar, yaani binti, wa kwao, na kwao kulikuwa Awasi. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga, chini ya kibanda alichogawana na mjane mmoja aliyekaanga samaki, Mama Risper. Walikuwa marafiki wa kubebeana watoto. Mvua za mwaka huo zilileta kuhara, Dunga ikaugua, na Nyar Awasi akalazwa kwetu akiwa hawezi kusimama. Tulimpata na kuhara damu, akatibiwa, akatoka. Baadaye akaanza kurudi. Tumbo linajaa, linanyonga. Tukachunguza mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Hakuna kilichoonekana. Sahani yake ilikuwa mojawapo ya zile tupu, na mkobani alikuwa na vidonge vya duka zima.

Daktari Nekesa alimwambia aache vile vidonge, ale chakula anachokijua, asubiri. Mumewe Odhiambo, mwenye boti, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Kwa hivyo hospitali imeangalia, haikuona kitu?"

"Hatukuona amiba wala minyoo," nikasema.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kilichoonekana, Bwana Odhiambo."

"Basi tumemaliza," akamwambia mkewe. "Nilikuambia. Hii si ugonjwa ya hospitali."

Nyinyi wa siku hizi mnajua maneno hayo yanaelekea wapi. Ugonjwa usio wa hospitali una mtu nyuma yake. Wajaluo wanasema kuna watu wenye sihoho, jicho ambalo likiangalia chakula chako, kile chakula kinakaa tumboni kikikuuma. Kwetu Maragoli nako liko, kwa jina jingine, na mama yangu hakuwahi kula ugali mlango ukiwa wazi. Siku moja kabla ya kuugua, Nyar Awasi alikuwa amekula samaki wa kukaangwa, ngege, na aliyemwangalia akila ni Mama Risper. Wakampeleka kwa bibi anayetoa chakula cha namna hiyo tumboni. Bibi akamchanja tumbo kwa wembe, akasugua, akaonyesha kipande cha samaki. Kwa wiki moja Nyar Awasi alijisikia vizuri. Kisha tumbo likarudi, na wote wakasema ni kwa sababu mwenye jicho bado ameketi hapo hapo kibandani.

Watu wakaacha kununua kwa Mama Risper. Walifunika sahani alipopita. Kamati ya ufuo ikatangaza mkutano wa Jumamosi, na kila mtu Dunga alijua watakachoamua: achukue karai lake aondoke. Kwa wakwe zake hakuwa na nyumba tangu mume afe. Angeenda wapi na mafuta yake na watoto wake?

Siku mbili kabla ya mkutano alikuja maabara. Mwanamke mnene, mpole, mikono ina makovu ya mafuta. Hakuwa na karatasi ya daktari.

"Mama Lab," akasema, "nyinyi mnapima damu, mnapima mkojo, mnapima choo. Nipimeni jicho."

"Unaumwa na jicho?"

"Siumwi. Nataka mnipime kama iko na hiyo kitu. Kama iko, niondoke. Kama haiko, mniandikie."

Nilimwangalia, na nawaambia ukweli, nilitafuta kitu machoni mwake. Yalikuwa macho ya mtu asiyelala. Nikamwambia hatuna kipimo hicho. Pembeni nikamwona Mzee Obonyo, yule yule asiyeamini hata kiberiti, akivuta gazeti taratibu na kufunika mahindi yake ya kuchemsha. Mama Risper naye aliona. Akasema ero kamano, asante, akaondoka. Nilipandwa na hasira nikataka kulitupa lile gazeti, mahindi na yote.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Nekesa. "Ni sisi tumemfukuza," nikamwambia. "Wameshika neno letu. Tumesema hakuna kitu, wao wamesikia ni mtu."

Akauliza, "Wamewahi kuona tunachoangalia?"

Jumamosi tukaenda Dunga naye, hadubini ya zamani ndani ya sanduku lake. Mzee Obonyo alikuja pia. Alisema ni kuilinda, ingeweza kurudi na magamba ya samaki. Watu walikuwa wengi, wanaume mbele juu ya maboti yaliyopinduliwa, wanawake nyuma. Nyar Awasi aliketi karibu na mumewe akiwa ameshika tumbo. Mama Risper aliketi peke yake kando ya karai lake lisilo na moto, na pande zake zote mchanga ulikuwa wazi.

Odhiambo hakutuacha hata tuketi. "Mama Lab mwenyewe huyu hapa. Mama, waambie. Choo ya bibi yangu mliona nini?"

"Hakuna amiba, hakuna minyoo."

"Mmesikia?" Na kweli walisikia, maana manung'uniko yalizunguka ufuo mzima.

"Sasa nyamazeni nione choo ya mwenye hana ugonjwa," nikasema. "Nani hapa ako na tumbo mzima kabisa?"

Walicheka, kisha mwenyekiti wa ufuo, mzee mwenye kifua kipana, akasema tumbo lake halijawahi kumsumbua tangu azaliwe. Nikampa kiberiti. Akaenda chooni kwa hatua za mtu aliyechaguliwa, akarudi nacho. Niliweka hadubini juu ya kreti la samaki, Mzee Obonyo akageuza kioo mpaka jua likaingia, nikatengeneza tone jembamba kwa maji ya chumvi, nikaweka lenzi kubwa.

"Karibu, Mwenyekiti."

Aliinama. Akainuka haraka. "Wanatembea!"

"Ndio."

"Ni wengi! Wako kama omena! Daktari, hii ni yangu?" Alikuwa ameshika tumbo sasa. "Nipatie dawa leo leo!"

"Hakuna dawa," Daktari Nekesa akamwambia. "Hao ni wako, Mwenyekiti. Wako ndani ya kila mtu amesimama hapa, hata mimi. Huwa hatuandiki kwa karatasi, tunaandika wabaya tu. Tukisema hakuna kitu kwa Nyar Awasi, hatukusema tumbo yake ni tupu. Na hatukusema hana ugonjwa." Akawaeleza kuhara kwa wakati wa mvua, na vidonge, na jinsi anavyodhani wakazi wale wa ndani walivurugika. Akasema ugonjwa huo una jina vitabuni na haumhitaji jirani. Akasema pia kwamba sababu yake hasa madaktari hawaijui bado, na hapo nilitamani angekuwa mwongo kidogo, kwa siku moja tu.

"Kama hamjui," Odhiambo akasema, "mnajuaje si yeye?"

Lakini watu walikuwa wameshapanga foleni. Wote walitaka kuwaona wale wa mwenyekiti. Waliinama mmoja mmoja, wakapiga kelele, wakacheka, na kila aliyeinuka Mzee Obonyo alipitisha kitambaa chake. Macho na kitambaa, macho na kitambaa. Nilianza kudhani kicheko kitatuokoa.

Ndipo Mama Risper akasimama, akaja.

Foleni ikafunguka. Hakuna aliyemzuia, walisogea tu. Akainama juu ya kreti, akaweka jicho lake pale, akaangalia muda mrefu. Alipoinuka, machozi yalikuwa yanamtoka, akarudi akaketi kando ya karai.

Aliyefuata, kijana wa nyavu aliyekuwa akisukumana na wenzake, alirudi nyuma. Mwenyekiti akaangalia ziwani kana kwamba boti inakuja. Mimi nikamkumbuka mama yangu na ule mlango. Kicheko chote kilikuwa kimekwisha, na nikajua tumeshindwa. Mkono wa Mzee Obonyo ukaenda kwenye kitambaa. Watu wote waliutazama mkono ule. Akipangusa kidogo, hawatakubali. Akipangusa sana, ameshakiri kwamba jicho lile lina kitu. Na yeye mwenyewe, nilimwona, alitaka kupangusa sana.

"Wacha, Mzee."

Ilikuwa sauti ya Nyar Awasi. Alikuwa amesimama. Mumewe akamshika kitenge, akajinasua. Alitembea polepole, kwa sababu tumbo lilikuwa limemshika, akafika kwenye kreti, akausogeza mkono wa Mzee kando kwa adabu.

"Usipanguse," akasema.

Akainama akaweka jicho lake pale pale, kwenye unyevu wa machozi ya mwenzake. Akaangalia. Sijui aliona nini, maana tone lilikuwa limeanza kukauka. Alipoinuka hakutuangalia sisi wa hospitali.

"Mama Risper, samaki iko?"

"Iko ya jana," Mama Risper akasema kwa shida. "Imepoa."

"Leta."

Akala mbele ya wote, amesimama, ameinua sahani juu ili ionekane haikufunikwa. Mwenyekiti akasema mkutano umeahirishwa, na mpaka leo haujaitishwa tena. Odhiambo aliondoka bila kuaga. Mzee Obonyo alikunja kitambaa chake akakitia mfukoni, na tuliporudi tukafika Kondele alinunua mahindi, akaanza kuyala barabarani, katikati ya watu.

Nyinyi mtataka kujua kama Nyar Awasi alipona. Mimi pia nilitaka. Jumatatu nilimkuta kwenye benchi letu la nje, amejikunja. Nilishuku ule samaki wa jana, nilishuku mafuta, nilishuku tumekosea tangu mwanzo na tumemdanganya mwanamke mgonjwa mbele ya watu wake.

"Imeuma?" nikamuuliza.

"Imeuma usiku kucha, Mama Lab," akasema, akanifanyia nafasi niketi. "Lakini sasa inauma peke yake, haina mtu nyuma."